Kabla Hujanunua Kompyuta Mpya, Tazama Stoo ya Hiyo Uliyonayo

Leo tutoke kidogo kwenye mapishi na mishono, tuizungumze ile kompyuta iliyopo mezani nyumbani. Maoni yangu ni haya: mwanamke anayeitegemea kompyuta kwa kazi yake ajue mwenyewe kumbukumbu yake inavyokwenda, kabla hajaambiwa atoe pesa.

Wengi wetu sasa tunaendesha maisha kwa mashine hizi. Mmoja anachapa mitihani ya skuli, mwengine anaandika oda za keki, mwengine anatengeneza kadi za harusi. Katikati ya kazi unatokea ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi, funga programu. Mashine inaganda. Ukiuliza, jibu la haraka ni, "Hiyo imeshazeeka, nunua nyengine." Basi pesa ya upatu iliyowekewa ada za watoto inaishia hapo, na pengine haikuwa lazima.

Tuanze kwa kuelewa. RAM ni meza ya jikoni: kila unachokishughulikia sasa hivi kimewekwa juu yake. Diski ni stoo. Kumbukumbu pepe ni rafu iliyotengwa ndani ya stoo. Meza ikijaa, Windows huvipeleka huko vitu usivyovitumia kwa wakati huo, na ukivihitaji huvirudisha. Rafu yenyewe ni faili lililofichwa linaloitwa pagefile.sys, na kwa kawaida limo kwenye diski C. Wazo hili si geni. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1962, ilikuwa nalo tayari, kwa sababu kumbukumbu ya kasi ilikuwa ghali mno.

Lakini safari ya stoo ina gharama yake. RAM hutoa kitu kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na diski ya kuzunguka huchukua maelfu ya mara zaidi ya hapo. Ndiyo maana mashine yenye meza ndogo na diski ya zamani hujikokota.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotwambia tuizime kumbukumbu pepe ili kompyuta iwe nyepesi. Kuvunja rafu hakuikuzi meza. Meza ikijaa na rafu haipo, programu inajifunga yenyewe na kazi ambayo hukuihifadhi inapotea. Wengine wanashauri uweke kiwango maalumu, mara moja na nusu ya RAM. Kwa nyumba ya kawaida sioni haja. Windows ikiachiwa ipange yenyewe, faili hilo linaweza kukua hadi mara 3 ya RAM: mwenye GB 4 anaweza kufika GB 12. Sharti ni moja tu, diski iwe na nafasi.

Kwa hiyo anza na stoo. Fungua diski C uone imebaki nafasi kiasi gani. Ikiwa imejaa, video za harusi na picha zihamishie kwenye diski ya nje, ondoa programu usizozitumia, kisha mwaga pipa la taka.

Halafu hakikisha hakuna mtu aliyechezea mpangilio. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, kisha Enter. Chagua kichupo cha tatu, bonyeza kitufe cha mpangilio kilicho juu kabisa, kisha nenda kichupo cha pili. Chini yake utaona sehemu ya kumbukumbu pepe na kitufe cha kubadilisha. Ukikibonyeza, kile kisanduku cha juu kabisa kiwe na alama ya tiki. Hiyo ndiyo ruhusa ya Windows kupanga yenyewe. Kama haikuwepo, iweke, kubali, zima kompyuta na uiwashe tena.

Simlaumu kila fundi. Pengine anasema kweli. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame kumbukumbu inayotumika. Ikiwa kwa kazi zako za kila siku, bila ya kurasa ishirini za intaneti kufunguliwa pamoja, RAM iko juu ya asilimia 90, basi meza ni ndogo kweli. Hata hapo, uliza kwanza kama mashine yako inakubali kuongezwa RAM, maana baadhi ya laptopu RAM zake zimeunganishwa moja kwa moja na bodi. Uliza pia bei ya kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD. Huenda ukaongezewa miaka kadhaa kwa pesa ndogo kuliko ya mashine mpya.

Wapo watakaosema mambo haya tuwaachie vijana wa kiume wa nyumbani. Kwa nini? Sisi ndio tunaojua mchele umebaki kibaba ngapi na gesi itakwisha lini. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta nayo ni mali ya nyumba. Ijue stoo yake, na atakayekwambia ununue nyengine, mtake akuoneshe kwanza iliyopo imeshindwa wapi.