Plagini ni mgeni uliyempa funguo

Kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana wanaoanza kazi ya kusimamia seva: "Niongeze plagini gani kwenye Ansible?" Jibu langu fupi ni: anza kwa kupunguza. Jibu refu ni hili hapa chini, na najua wengine hawatakubaliana nami. Sawa tu.

Kwanza tuelewane kwa wale ambao mambo haya ni mapya kwao. Zamani msimamizi wa seva aliingia kwenye kila mashine, moja baada ya nyingine, na kuandika amri kwa mkono. Ukiwa na seva tatu unaweza. Ukiwa na thelathini utasahau moja, na mwizi ataingilia hiyo hiyo. Mwaka 1993 Mark Burgess, akiwa Oslo nchini Norwei, aliandika CFEngine ili kumaliza taabu hii: unaandika mara moja jinsi seva inavyotakiwa kuwa, halafu programu inahakikisha kila seva iko hivyo. Baadaye ikaja Puppet ya Luke Kanies (2005), Chef (2009) na Ansible ya Michael DeHaan (2012). Zote ni programu huria kwa asili, na wazo lao ni moja.

Sasa, hakuna programu inayojua kila kitu. Ndiyo maana zina plagini, au programu-jalizi kama wengine wanavyoziita: vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, unavyovipachika ili mfumo ujue kazi mpya. Unataka kusimamia hifadhidata ya PostgreSQL? Ipo. Unataka kutuma ujumbe kazi ikikwama? Ipo. Unaandika amri moja, inashuka kutoka kwenye intaneti, umemaliza.

Hapo "umemaliza" ndipo nina shaka.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Katika Ansible, moduli hupelekwa kwenye seva inayosimamiwa na kutekelezwa huko, mara nyingi kwa mamlaka yote ya mashine. Plagini zenyewe hukaa kwenye kompyuta yako wewe msimamizi, ile yenye funguo za SSH za seva zote na neno la siri la kufungulia siri zako. Katika Puppet, vipande vinavyokusanya taarifa za mashine husambazwa kwa seva zote na kuendeshwa huko, kwa kawaida kwa mamlaka ya juu kabisa. Maana yake ni kwamba aliyeandika plagini ile ameshika funguo ya stoo yako. Pengine ni mtu mwema sana. Lakini humjui, naye hakujui.

Wengine watasema natisha watu bure. Basi tuangalie yaliyotokea.

Septemba 2019 ilijulikana kwamba kampuni ya Chef ilikuwa na mkataba na idara ya uhamiaji ya Marekani, ICE. Seth Vargo, aliyewahi kufanya kazi Chef, alichukizwa, akaondoa kwenye mtandao msimbo wake, ikiwemo nyongeza iitwayo chef-sugar iliyotumiwa na watu wengi. Wateja wa Chef wakaanza kukwama. Kampuni ikahangaika kurudisha nakala, na baada ya siku chache mkuu wake akatangaza kwamba mkataba ule hautaendelezwa ukiisha. Sisemi Vargo alikosea. Msimbo ulikuwa wake na dhamiri ilikuwa yake. Ninachosema ni kwamba msimamizi wa seva aliyekuwa maelfu ya kilomita kutoka kwenye ugomvi ule, asiyeijua hata ICE ni nini, alikuta kazi yake imesimama.

Hata bila ugomvi mambo hubadilika. Mwaka 2020, kwenye toleo la 2.10, Ansible ilitoa moduli nyingi kwenye kiini chake na kuzigawa katika makusanyo yanayotunzwa na watu mbalimbali. Zilikuwa zaidi ya elfu tatu. Zilizobaki kwenye kiini hazifiki mia moja. Ulikuwa uamuzi mzuri, lakini tangu siku hiyo kila kusanyo lina mwenyewe na ratiba yake. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Perforce, iliyoinunua Puppet mwaka 2022, ilitangaza kwamba vifurushi vipya vitakuwa kwenye hazina isiyo wazi kwa umma. Mapema 2025 jumuiya ikajitenga na kuanzisha OpenVox. Kila aliyetegemea Puppet ilibidi aamue ni upande gani.

Huku kwetu kuna sababu ya ziada. Ninaandika haya Karurumo, Kaunti ya Embu. Intaneti ipo, stima ipo, lakini si kila wakati vipo pamoja. Na hata aliye Nairobi asijidanganye. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki ikaanza kujikokota. Siku kama hiyo, mfumo unaohitaji kupakua plagini kutoka ng'ambo kabla haujasimamisha seva iliyoanguka si mfumo wa kutegemea. Seva inaweza kuwa hapa hapa Kenya, wewe uko hapa hapa, lakini dawa yake iko ng'ambo ya bahari!

Na seva hizi zina vitu vya watu. Kenya imekuwa ikikusanya takwimu za afya kutoka kwa vituo vyake kupitia DHIS2 tangu 2011, na waendelezaji wa DHIS2 wenyewe hutoa zana za kusimika seva zilizojengwa juu ya Ansible. Ninawapongeza, maana ni bora mara mia kuliko kila mtu kuandika amri zake gizani. Lakini mifumo ya namna hii ikilala, karani wa zahanati hurudi kwenye daftari. Na taarifa za wagonjwa zikivuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitamtafuta mwandishi wa plagini. Itamtafuta mwenye mfumo. Soma leseni ya karibu kila plagini: imeandikwa wazi kwamba inatolewa bila dhamana yoyote.

Basi tufanye nini? Tuandike kila kitu wenyewe? Hapana. Huo ni ujinga wa aina nyingine. Plagini ya PostgreSQL inayotumiwa na maelfu ya watu imeshapitia makosa ambayo wewe peke yako ungehitaji miaka kuyagundua. Mimi nafuata kanuni nne.

Moja, naandika namba kamili ya toleo kwenye faili ya mahitaji. Si "la karibuni zaidi". Toleo jipya litaingia siku nitakayoamua mimi, nikiwa nimelijaribu kwenye mashine ya majaribio.

Mbili, naweka nakala yangu. Ansible ina amri ya kupakua makusanyo kama vifurushi, ukayahifadhi kwenye diski yako au kwenye Git yako. Nyaya zikatike, mwandishi akasirike, kazi inaendelea.

Tatu, nasoma. Plagini nyingi ni Python ya kurasa chache tu. Nikishindwa kuelewa inafanya nini na funguo zangu, haiingii.

Nne, kazi ndogo naandika mwenyewe. Mfano: mfumo wangu hutuma SMS seva ikipata tatizo, na namba za simu za wahusika zimeandikwa kila mtu kwa mtindo wake. Kichujio cha kuzigeuza zote zianze na +254 ni mistari kama kumi. Ukichukua cha mtu aliyekiandika zamani, kinaweza kuwa kinajua 07 tu, wakati tangu 2019 kuna namba zinazoanza na 01. Mistari kumi unayoielewa ni bora kuliko mistari elfu usiyoielewa.

Kanuni hizi zina gharama, sikatai. Anayefunga matoleo na kuweka nakala lazima afuatilie matangazo ya usalama, la sivyo atabaki na plagini yenye tundu kwa miaka. Machi 2024 tuliona jinsi mlango wa siri ulivyopachikwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, ukagunduliwa na Andres Freund kwa sababu tu SSH ilikuwa inachelewa kidogo. Waliokimbilia toleo jipya kabisa ndio waliokuwa hatarini zaidi. Waliobaki kwenye toleo la zamani walipona. Siku nyingine itakuwa kinyume chake. Kwa hiyo tenga saa moja kila wiki, pitia orodha yako, amua. Orodha ikiwa na plagini sita, saa moja inatosha. Ikiwa na sitini, hutaipitia kamwe, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema punguza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Plagini iliyokaa kwenye mfumo wako miezi sita bila kushika jembe, itoe. Leo jioni fungua faili yako ya mahitaji, hesabu ziko ngapi, na jiulize ni ngapi unazoweza kueleza kazi yake bila kuchungulia.