Beni-Butembo: Mkimbizi naye aandae sahani ya wageni

Mgeni akifika nyumbani, ikiwa ni Beni ao Butembo, hakuna mama anayependa arudi bila kuonja kitu. Siku ya komunyo, ya mahari ao ya kumaliza kilio, jamaa wanaweka sahani kubwa katikati na kila mtu anachukua anachopenda. Ni desturi nzuri. Lakini katika miaka hii ya vita kuna watu wanaokula kwenye sahani hiyo bila kupewa nafasi ya kuiandaa: wakimbizi wa ndani wanaoishi katika familia zilizowapokea.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayowekwa juu ya waasi wa ADF yamewakimbiza wakaaji wengi wa upande wa Mbau, Oicha na Eringeti. Kati ya mwaka 2024, mapigano na M23 yalileta wengine kutoka Kanyabayonga. Wengi hawakuingia kambini. Walifunguliwa mlango na ndugu, rafiki, ao mtu wa kanisa moja.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo jembe lipo, lakini shamba liko kule watu wanakouawa. Mkimbizi anabaki kukaa, mwezi kisha mwezi. Wageni wa mwenye nyumba wakija, anaenda nyuma ya nyumba mpaka wamalize. Ndugu zake mwenyewe wakija kumuona, anawapokea kando ya barabara kwa sababu hana cha kuwawekea. Mama aliyekuwa na jiko lake, mbuzi wake na mashamba yake, hiyo inamuumiza sana.

Familia zinazopokea nazo zina mzigo. Barabara ikifungwa siku chache tu, bei sokoni inapanda. Hata hivyo wengi wanaona haya kumuwekea mgeni vitu vidogo. Wanakopa pesa ya kuku na vinywaji vya chupa. Mgeni akisha kwenda, deni linabaki, na watoto wote wa nyumba wanalilipa kwa sahani zao: wa mwenye nyumba na wa mkimbizi.

Kuna njia ya kupunguza mizigo yote miwili. Sahani ya wageni ijazwe na vitu vya udongo wetu: ndizi za kuchemsha, viazi vya Lubero, karanga za kukaanga, avoka, mananasi, na kipande cha samaki ya Kyavinyonge pesa ikiruhusu. Vikatwe vipande vidogo, vya chumvi upande mmoja, matunda upande mwingine, pilipili katika kibakuli chake. Na kila jamaa inayoishi katika parseli iweke kitu kimoja. Mama aliyetoka Irumu anaweza kutwanga lituma. Asiye na franka anaweza kukaanga karanga zilizonunuliwa na mwenzake. Mikono yake imo, na sahani ni yake pia.

Wengine watasema hiyo ni kumfanya mkimbizi mtumishi. Swali hilo ni la haki, kwa sababu kuna nyumba ambamo mkimbizi anaosha vyombo kutoka asubuhi mpaka jioni. Tofauti inaonekana wakati wa kula. Mtumishi anabaki jikoni. Aliyeandaa pamoja na wenzake anaketi na wageni, anatajwa jina, na naye anasema “karibuni”. Na siku ndugu zake wakija, meza ile ile inawekwa kwa ajili yao.

Kitu kimoja kisisahauliwe: usafi. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 uliua watu zaidi ya 2,200 mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na Beni na Butembo ziliumia sana. Wakati ule watu waliacha hata kupeana mikono, lakini walijifunza kunawa. Kipindupindu nacho kingali kinatembea katika Kivu. Kwa hiyo maji yamiminwe juu ya mikono ya kila mtu, na sabuni, badala ya wote kuingiza mikono katika beseni moja. Kijiko cha kuchukulia kiwekwe kando ya sahani, na chakula kifunikwe mpaka wageni waketi.

Hakuna anayejua siku wakaaji wa Mbau ao Kanyabayonga watakapolala tena nyumbani kwao bila hofu. Lakini Jumapili inakuja, na wageni watakuja. Mwenye nyumba asingoje pesa ya kuku. Amuite mama anayelala chumba cha nyuma, waulizane: tuko na nini leo, na nani atakata mananasi?