Chungu, Kitambaa na Jiwe Katika Chumba Kimoja

Juma hili tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunadhani si letu: maonyesho ya sanaa. Mtu akisikia neno hilo, anafikiria nyumba kubwa ya Ulaya, watu wenye viatu vya kung'aa, na ukutani picha ya mistari na vipande vya rangi ambayo hakuna anayejua ni ya nini. Si mtu, si mti, si ng'ombe. Na mtoto wetu akichora mistari ya namna hiyo kwenye daftari, tunamgombeza kwamba anaharibu karatasi.

Sanaa hiyo inaitwa sanaa dhahania. Maana yake si ngumu. Msanii hachori kitu kinachojulikana. Anapanga mstari, umbo, rangi na nafasi mpaka macho yatosheke. Ni sawa na ngoma: inapigwa bila maneno, na bado mwili unaelewa. Msanii akitumia pembetatu, mraba, duara, na lile umbo ambalo watoto hulijua shuleni kama losanji, tunasema ni sanaa ya jeometri. Tena tujiulize: nani kati yetu amewahi kutazama mistari ya kitunga chake akauliza ni picha ya nini? Hakuna. Tunaangalia kama mistari imekaa vizuri, basi. Kumbe macho ya kazi hii tunayo tangu zamani.

Siku hizi kuna desturi inayopendwa na nyumba nyingi za maonyesho: kuweka pamoja, katika chumba kimoja, vitu ambavyo zamani vilitenganishwa. Picha za rangi ukutani, vyungu mezani, na sanamu za mawe au mbao chini. Kwa miaka mingi Ulaya walikuwa na ngazi yao. Juu walikaa mchoraji na mchonga sanamu; hao waliitwa wasanii. Chini walikaa mfinyanzi, mfumaji na mshonaji. Kazi yao iliitwa kazi ya mikono tu. Na mnajua wenyewe kwamba kwenye ngazi ya chini ndiko wanawake walikokuwa wengi. Chungu kikiwekwa karibu na sanamu ya jiwe, kwa heshima ileile na mwanga uleule, ngazi hiyo inavunjika. Mtazamaji anaona kwamba tumbo la chungu na mgongo wa jiwe vinazungumza lugha moja.

Nitoe mfano mmoja wa kweli. Mwaka 2019, katika mji wa Wakefield nchini Uingereza, palifanyika maonyesho yaliyoitwa The Journey of Things, yaani safari ya vitu. Mwenye maonyesho alikuwa mama wa Afrika, Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Vyungu vyake zaidi ya 50 viliwekwa pamoja na vitu vingine alivyochagua yeye mwenyewe kutoka pande nyingi za dunia, vya kale na vya sasa, sanamu zikiwemo. Nyumba yenyewe ina jina la mwanamke: ni ukumbusho wa Barbara Hepworth, mchonga sanamu aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1903. Hepworth anajulikana kwa kuchonga mawe na mbao zenye umbo laini, kisha kuzitoboa ili mwanga upite katikati. Ukifikiri kidogo, chungu nacho hivyohivyo: kilicho muhimu ni ule uwazi wa ndani, ukuta wa udongo unauzunguka tu.

Namna Odundo anavyofanya kazi, wamama wanaofinyanga wataielewa mara moja. Hatumii gurudumu. Anapandisha udongo kwa mikono, kidogo kidogo, halafu anausugua mpaka uso wake ung'ae. Akichoma kwa moto wenye hewa ya kutosha, chungu kinatoka na rangi ya machungwa yaliyoiva. Akikichoma tena huku amezuia hewa, kinatoka cheusi. Vyungu vyake vina shingo, tumbo na mgongo. Ukivitazama unakumbuka mwili wa mwanamke aliyebeba mimba, au mama aliyeinua kichwa kusikiliza. Lakini hajachora mwanamke. Ni umbo tu.

Je, alijifunza wapi? Chuo alisoma Uingereza, ndiyo. Lakini katika miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, na huko akajifunza kwa wanawake, mmoja wao akiwa Ladi Kwali. Huyu Ladi Kwali alifundishwa kufinyanga na shangazi yake kijijini. Vyungu vyake alivipamba kwa kuchora mistari ndani ya udongo kabla haujakauka. Mwaka 1954 akaingia katika kituo kile, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na kazi yake ikajulikana mpaka Ulaya na Marekani. Leo ukishika noti ya naira 20 ya Nigeria, ukaigeuza nyuma, utamkuta yeye na chungu chake. Mfinyanzi wa kijijini, kwenye pesa za nchi.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo penye neno langu la juma hili.

Sisi Wakongo tuna sanaa ya jeometri ambayo dunia nzima inaiheshimu. Kule Kasai, kwa Wakuba, wanaume husuka kitambaa cha nyuzi za mti unaoitwa rafia. Kisha wanawake hukichukua na kukidarizi kwa sindano, nyuzi zikikatwa fupi mpaka kitambaa kinakuwa laini kama mahameli. Wanapanga losanji, pembe na mistari iliyofungamana kama fundo. Hawachori kwanza kwenye karatasi. Mpango uko kichwani, na katikati ya kitambaa mshonaji anaweza kuubadilisha: mstari unapindika, losanji inakua, macho yanashtuka halafu yanatulia tena.

Mwaka 1971 mwalimu mmoja wa hesabu wa Marekani, Donald Crowe, aliandika juu ya mapambo ya Wakuba. Wana hesabu wamethibitisha kwamba pambo linalorudiwa kwenye ukanda, kama upindo wa kikwembe, lina namna 7 tu za kurudiwa: kusogezwa, kugeuzwa kama kwenye kioo, kuzungushwa nusu, na kuchanganya hayo. Hakuna namna ya nane. Crowe alizikuta zote 7 kwa Wakuba. Na kwa pambo linalojaza kitambaa chote, ambalo hesabu inaruhusu namna 17, alikuta 12. Wamama waliodarizi mapambo hayo hawakuyapata katika kitabu cha jeometri. Waliyapata kwa kutazama, kuhesabu nyuzi na kufundishana. Kwa hiyo msichana anayejua kupanga mapambo, msimwambie hana akili ya hesabu. Hesabu iko kwenye vidole vyake tayari.

Kule Ituri nako, kwa Wambuti, mwanaume hupiga gome la mti mpaka linakuwa nguo, na mwanamke hulichora kwa rangi nyeusi, kwa kidole au kijiti. Mistari, nukta, vipande vitupu vilivyoachwa makusudi. Nguo hizo leo zimetundikwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Henri Matisse, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alikuwa na vitambaa vya Wakuba, akavitundika ukutani mahali alipofanyia kazi. Alivitazama miaka na miaka. Mwaka 2005, huko London na New York, yalifanyika maonyesho yaliyoweka picha za Matisse pamoja na vitambaa alivyokusanya. Ni jambo zuri: watu waliona alichokuwa akitazama. Lakini mimi najiuliza swali la mwalimu, lile ninalouliza nikikusanya madaftari: hii ni kazi ya nani? Chini ya picha, jina liko: Matisse, pamoja na mwaka. Chini ya vitambaa vingi vya Wakuba katika makumbusho ya dunia limeandikwa jina la kabila na jina la nchi, basi. Mama aliyekaa miezi na sindano hana jina. Hakuna aliyemuuliza siku kitambaa kilipochukuliwa, na sasa hakuna tena wa kuulizwa.

Hilo ndilo linaloniuma. Ngazi ya zamani inavunjwa, chungu na kitambaa vimeingia chumba kimoja na sanamu, lakini mlango umefunguliwa kwa vitu, si kwa wenye kuvitengeneza. Ladi Kwali yuko kwenye noti kwa sababu watu walijua ni yeye. Kama jina lake lisingeandikwa, leo tungesema tu: chungu, Nigeria.

Kuna mfano mwingine wa kutufundisha. Katika kijiji cha San Ildefonso, Marekani, kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, alikuwepo mfinyanzi Maria Martinez. Vyungu vyake vilikuwa vyeusi vya kung'aa, na mume wake Julian alivichora mapambo ya jeometri. Katika miaka ya 1920 Maria alianza kuandika jina lake chini ya chungu. Wanunuzi wakatafuta chungu chenye jina na wakakilipa zaidi. Majirani zake walipoona hivyo, walimwomba aweke jina lake kwenye vyungu vyao pia, naye hakuwanyima. Moyo mwema, kweli! Lakini fikirini: wanawake hao walipata pesa kidogo zaidi, na majina yao wenyewe yakafichwa chini ya jina la Maria.

Mwingine atasema: kwetu kazi ni ya wote, mtu hajitangazi. Ni kweli, na ni desturi nzuri. Sketi ndefu ya Wakuba inaweza kupita mikononi mwa wanawake wengi wa ukoo mmoja. Basi yaandikwe majina yote. Kuandika majina matano si kujivuna. Ni kuwaachia wajukuu njia ya kutufuata.

Kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani, kama desturi yangu.

Kwanza, kila mwenye kufanya kazi ya mikono aiwekee alama. Mfinyanzi achore herufi zake na mwaka chini ya chungu kabla udongo haujakauka. Mshonaji adarizi herufi mbili kwenye pindo. Msukaji wa vitunga afunge uzi wa rangi aliyoichagua yeye, na asiibadilishe.

Pili, kila kikundi kiwe na daftari moja. Ndani yake andikeni: kitu gani, nani alikifanya, nani alimfundisha, pambo linaitwaje, kimeuzwa kwa nani na kwa franka ngapi. Mama asiyejua kuandika aseme, binti yake aandike. Wazee wetu wanaojua majina ya mapambo waulizwe mapema, wakiwa bado nasi.

Tatu, siku ya mkutano wenu, fanyeni maonyesho madogo. Haihitaji nyumba kubwa. Tandikeni kikwembe cha rangi moja mezani, kisicho na maua, ili kisishindane na vitu. Chagueni vitu vitatu tu: chungu kimoja, kitunga au kitambaa chenye mapambo, na kitu kilichochongwa, hata mchi wa kutwangia. Viachieni nafasi, visigusane. Karatasi yenye jina la aliyekifanya iwekwe mbele ya kila kimoja. Halafu waiteni watoto, na msiwaulize hii ni picha ya nini. Waulizeni: macho yako yameanzia wapi? Mstari unarudi mara ngapi? Chungu na mchi vinafanana wapi? Mtashangaa watoto wanavyoona.

Na mtoto akirudi shuleni akajaza ukurasa kwa pembetatu na losanji, kabla ya kumgombeza mwambieni aandike jina lake chini, na tarehe.

Kikundi kitakachojaza ukurasa wa kwanza wa daftari kituletee, tuusome pamoja hapa, majina yote, bila kuruka hata moja. Mbaki salama, tukutane juma lijalo.