Kwanza fili ya tere, kisha kura kubwa



Huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nyumba nyingi zinaongezewa nguvu ya umeme. Zamani ampuli tatu na prizi moja zilitosha. Leo kuna frigo, reso, pompi ya kisima, na pengine mashini ya kuchomea vyuma nyuma ya nyumba. Fili za zamani zinapata moto, na baba anaita fundi amtilie kebo nene na disjonkteri kubwa. Ni vizuri. Lakini mara nyingi fili ya tere, yaani ile inayopeleka kura udongoni, inaachwa mwisho. Na feza ikipungua, haiwekwi kabisa. Sisi tunasema: iwekwe ya kwanza.

Ubaya wa tere ni huu: ikikosekana, ampuli zinawaka vilevile. Hakuna anayejua, mpaka siku fili inachubuka ndani ya frigo. Hapo kura inaingia katika chuma cha nje na kungoja mkono. Volti 220 zikikuta mtoto mwenye miguu mitupu juu ya simenti yenye maji, zinaweza kupitisha miliampere 100 na zaidi katika mwili wake. Miliampere 30 tu ni hatari ya kufa. Disjonkteri ya ampere 20 haitasikia kitu, maana ampere 20 ni mara 200 ya miliampere 100. Disjonkteri hiyo inalinda fili isiungue, hailindi mtoto.

Tena tusidanganyane: tere peke yake haitoshi. Ikiwa na omu 20, kura itakayokimbilia udongoni ni ampere 11, na disjonkteri ya 20 itanyamaza. Kwa hiyo inatakiwa pia disjonkteri difransieli ya miliampere 30. Hiyo inalinganisha kura inayokwenda na inayorudi. Ikiona tofauti, inakata kabla nusu ya sekunde haijapita. Hizi mbili ni mapacha, usinunue moja ukaacha nyingine.

Basi, kabla ya kumlipa fundi, mwombe akuonyeshe haya:

1. Chuma cha tere kimepigwa udongoni meta 1,50 au zaidi, mahali penye unyevu. Udongo wetu unakauka toka mwezi wa 5 hadi wa 9, na udongo mkavu haupitishi kura vizuri. Apime wakati wa kiangazi.

2. Fili ya kijani na manjano, ya milimeta 16 za mraba, inatoka kwenye chuma hicho mpaka tablo. Toka tablo, fili ya rangi hizo hizo inafika kila prizi.

3. Mabomba ya chuma ya maji yamefungwa kwenye tere ya tablo kwa fili isiyopungua milimeta 6 za mraba. Hivyo mama akishika robine kwa mkono mmoja na frigo kwa mkono mwingine, hatakuwa daraja la kura.

4. Bomba la maji halikutumiwa kama tere. Kipande kimoja cha plastiki kinakata njia, na jirani anapigwa na kura akifungua robine yake.

5. Nyutre haikuunganishwa na tere ndani ya prizi. Siku nyutre inakatika, chuma cha frigo kinakuwa na volti 220.

Kila mwezi, bonyeza kidude chenye herufi T kwenye difransieli. Isipokata, ibadilishwe. Na baada ya mvua kubwa, angalia kama fili ya tere ipo bado: wezi wa shaba wanaijua.

Wengine watasema feza hakuna. Lakini aliyepata feza ya kebo na disjonkteri kubwa, anashindwaje na chuma cha meta moja na nusu? Kazini hatukubali kugusa pompi isiyo na tere. Tunamwita mkubwa wa usalama, na ana haki ya kuisimamisha. Nyumbani hakuna mkubwa wa usalama ila baba na mama. Shaba tunaitoa udongoni kila siku kwa jasho letu. Turudishe kidogo udongoni, kwa ajili ya watoto wetu.