Programu za kupunguza chuma: kijana achague ile inayofanya kazi hata umeme ukikatika

Mwaka wa 2013, kampuni ya Marekani General Electric ilialika watu wa dunia nzima kuchora upya kishikizo kimoja cha injini ya ndege, kipande cha chuma chenye gramu 2033. Michoro karibu 700 ilitumwa. Mshindi hakutoka katika kiwanda kikubwa cha Ulaya. Alikuwa M Arie Kurniawan wa Indonesia, na kipande chake kilikuwa na gramu 327 tu.

Habari kama hiyo inawapa moyo vijana wa Goma, Bukavu ao Butembo wanaojifunza kuchora kwa ordinatere. Swali linakuja haraka: ni programu gani ya kuchukua?

Kazi yenyewe inafanana kila mahali. Mchoraji anaonyesha kipande kinashikwa wapi, mzigo unasukuma upande gani, na sehemu zisizoguswa, kama vile matundu ya buloni. Ordinatere inagawanya kipande katika maelfu ya vipande vidogo, inapima kila kimoja kinabeba nini, kisha inaondoa vile visivyosaidia. Bendsøe na Kikuchi walieleza njia hiyo tangu 1988. Si siri ya kampuni moja.

Tofauti iko pengine. Fusion ya Autodesk inatuma hesabu kwa intaneti kwenye mashini za kampuni, na kurudisha michoro mingi ya kuchagua. Mtu anaweza hata kusema mbele kama kipande kitamiminwa, kitachongwa ao kitachapishwa. Ni kifaa kizuri, hakuna ubishi: mwaka wa 2018 General Motors ilionyesha kishikizo cha kiti cha gari ambacho vipande vyake 8 vilikuwa kimoja, chepesi kwa asilimia 40. Lakini leseni ya bure ya mtu binafsi haina kifaa hicho. Na mahali watu wananunua mega za siku moja, kutegemea mashini ya mbali ni kujifunga.

SolidWorks inafanya hesabu hizo kwenye ordinatere ya mchoraji mwenyewe, tangu toleo la 2018. Hapo shida ni bei. Kila mtu anajua namna inavyozungushwa: nakala za wizi, kwa flashi, mkono kwa mkono. Mwanafunzi anamaliza masomo akijua kifaa ambacho hawezi kukionyesha mbele ya mteja bila kuogopa. Huo si ufundi, ni deni.

Inabaki FreeCAD, ambayo ni bure na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Toleo 1.0 lilitoka Novemba 2024. Hesabu za nguvu inazifanya kwa CalculiX, nayo ya bure, na kuna nyongeza ya BESO yenye kuondoa chuma kisichobeba mzigo. Inaomba uvumilivu, umbo linatoka na makwaruzo, linapaswa kuchorwa upya kwa mkono. Hata hivyo, vyuo vya ufundi vya mashariki vingefanya vema kuanza nayo. Kijana anayejua kueleza mzigo vizuri atajifunza Fusion kwa muda mfupi siku mwajiri akimlipia.

Tena kuna jambo ambalo programu zote tatu haziulizi zenyewe: nani atatengeneza? Umbo linalotoka linafanana na mizizi ya mti. Fundi mwenye meza ya kuunganisha vyuma na msumeno hawezi kulifuata. Chukua chukudu, ambayo kila siku inashuka na mizigo kuelekea Goma. Mpangilio wa kawaida wa vifaa hivi unahesabu kama vile nguvu ni sawa pande zote, lakini mbao ina nguvu kufuata nyuzi zake na inapasuka kirahisi upande mwingine. Mchoro utaonekana mzuri kwenye skrini, na usukani utavunjika mteremkoni, mtu akiwa juu.

Basi chuo kinaweza kuomba kila kundi lichore kipande kimoja, likitengeneze kwa vifaa vya karakana ya mtaani, na kukipakia uzito mpaka kivunjike. Mifuko ya saruji ya kilo 50 inatosha.