Sarafu Ina Bei, Mpagazi Hana Jina

Wakusanyaji wa kumbukumbu za vita wanaijua sarafu ya heller 20 ya mwaka 1916 kuliko sisi tunaolitaja jina lake kila tunaposema "hela". Wanajua kwamba iligongwa Tabora, baada ya manowari za Waingereza kuifunga pwani ya koloni la Wajerumani. Wanajua kuwa herufi T iliyo chini ya mwaka ni ya Tabora. Wanatofautisha taji kubwa na taji dogo, na ncha ya herufi L iliyopinda na iliyochongoka. Waulize sasa sarafu ile ilitoka kwenye kibindo cha nani. Watanyamaza.

Sina ugomvi na kukusanya. Ugomvi wangu ni na ukusanyaji unaothamini kitu na kumtupa mtu.

Angalia mabango ya kuandikisha askari. Lile la Uingereza la 1914, lenye Kitchener akinyoosha kidole, hugombewa minadani. Bango lilikuwa ombi: walau mwanzoni, kijana wa kule aliombwa. Huku nani alibandikiwa bango? Majumbe na maakida waliagizwa kuleta watu, na watu wakakamatwa. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Wabelgiji, walioiteka Kigoma mwaka 1916 na kuitawala hadi 1921, walichukua wapagazi wapatao 260,000 kutoka Kongo. Wa Wajerumani hawakuhesabiwa vizuri hata kidogo. Mpagazi hakuachiwa bango, na mara nyingi hakuachiwa medali wala kaburi lenye jina. Soko la kumbukumbu hununua kilichobaki, na yeye alibakiza masimulizi tu.

Hata meli yetu ina wasifu kuliko yeye. Wapenzi wa Liemba watakutajia karakana ya Meyer kule Papenburg, jina lake la kwanza Graf von Goetzen, Wajerumani walivyoizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza walivyoiopoa 1924. Waliobeba shehena zake hawatajwi.

Na sisi tusijitoe. Hapa Ilagala, Malagarasi unapoingia ziwani, mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake. Kwake kitasa, birika bovu na sarafu ya 1916 ni shaba tu. Mzee mmoja wa jirani aliniambia hela za babu yake ziliondoka hivyo, ndani ya sufuria lililotoboka. Wanawe walijua bei ya kilo. Hakuna aliyewahi kumuuliza babu alilipwa hela zile kwa kazi gani.

Kuna watakaosema kwamba mkusanyaji wa Hamburg ameokoa ambacho Ilagala ingekiyeyusha. Ni kweli. Lakini alichookoa ni shaba. Sarafu isiyo na jina la mtu wala kijiji haisemi lolote kuhusu vita ambalo katalogi haikulisema zamani. Ile iliyokuwa malipo ya mtu aliyetoka mtoni hapa na mzigo kichwani ingetufundisha jambo, na jambo hilo ndilo linalopotea, iwe kwenye tanuri au kwenye albamu.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Mkusanyaji, ukinunua, uliza jina, kijiji na kazi, uyaandike, na nakala irudi kijijini. Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake. Nasi, kabla kitu hakijafika kwenye mizani, kipite kwenye daftari la shule ya kijiji: kilikuwa cha nani, alikipataje, alitumwa wapi, alirudi au hakurudi. Gharama yake ni daftari na kalamu. Wajukuu wa wapagazi wale sasa ni wazee wa mikongojo. Tusipowauliza wao, makaburini hatutajibiwa.