Kijivu Kisichotulia

Kwa printa ya nyumbani, picha nyeusi na nyeupe ni ngumu kuliko ya rangi. Wekundu ukizidi kidogo kwenye kitenge, nani atajua? Ukizidi kiasi hicho hicho kwenye ukuta wa kijivu, hata mtoto atauona. Hapo wengi wetu hurudi kwenye kompyuta, tukavuta rangi huku na kule, tukachapa tena. Toleo hili linapinga tabia hiyo.

Faili haina kosa. Nyekundu, kijani na buluu zikilingana, tuseme 128 kila moja, hicho ni kijivu kitupu. Rangi huingia baadaye, kwenye wino. Chukua Epson L805 yenye matangi sita: mweusi mmoja, samawati, majenta, manjano, kisha samawati na majenta hafifu. Wino wa kijivu haumo. Kwenye karatasi ya picha, kijivu cha shavu la bibi harusi hutokana na rangi zilizochanganywa zikafutana. Matundu ya samawati yakiziba, shavu linakuwa jekundu. Yakiziba ya majenta, linakuwa la kijani. Ndiyo maana ukaguzi wa matundu hutangulia yote, na ni kazi ya dakika chache. Wino wa bei poa nao huvuruga uwiano huo, kwa sababu profaili ya karatasi ilipimwa kwa wino mwingine. Na programu ya picha na ile ya printa zikisimamia rangi kwa pamoja, usishangae picha ikitoka na umajenta.

Lakini hata uwiano ukikaa sawa, bado kuna mwanga. Kijivu cha mchanganyiko kinaweza kutulia chini ya taa ya sebuleni, kikawa kijani dirishani. Ukikirekebisha kwa ajili ya taa, umekiharibu kwa jua. Dawa yake ni kupunguza rangi zenyewe. Mwaka 2005 Epson ilileta wino wa UltraChrome K3 kwenye Stylus Photo R2400: mweusi, kijivu na kijivu hafifu, pamoja na njia maalumu ya kuchapa inayoegemea wino hizo tatu na kutia rangi kidogo tu. Canon nayo ina printa zenye wino wa kijivu. Bei, najua, haicheki na mtu.

Asiyeimudu afanye nini? Msimamo wangu ni kwamba aache kuufukuzia ukijivu mtupu. Picha za chumba cha giza nazo zilikuwa na rangi yake. Karatasi za klorobromidi zilielekea kwenye kahawia, na watu walizipenda. Tia ukahawia kidogo, kwa makusudi, kuanzia kwenye vivuli hadi kwenye weupe. Jicho huzoea upesi rangi iliyoenea sawasawa. Kinacholisumbua ni vivuli vya kijani kando ya weupe wa waridi. Kisha chapa ukanda wa ngazi za kijivu, uache ukauke hadi kesho, uutazame dirishani na chini ya taa kabla ya kupoteza karatasi nzima.

Mwandishi wetu mmoja anapendekeza wino mweusi peke yake, bila rangi hata tone. Nimembishia: nukta zitaonekana kwenye weupe wa mawingu na ngozi. Anajibu kwamba ukiitundika picha ukutani, ukasogea hatua mbili nyuma, huzioni. Makala yake ndiyo ya kwanza.